Zikiota, Mama Atarudi

Mtaa mzima ulimwita Fundi Baridi, kwanza kwa sababu alitengeneza majokofu, na pili kwa sababu hata mteja amjie juu vipi, yeye humtazama tu, hufuta mikono kwenye kitambaa na kuendelea na kazi. Karakana yake ilikuwa sebule yake. Mgeni akifungua mlango alipokewa na friji zilizolazwa chali kama wagonjwa, kompresa zilizofumuliwa, mirija ya shaba iliyojikunja pembeni, na harufu ya mafuta ya mashine iliyochanganyika na ya vitunguu vinavyokaangwa. Mke wake alizoea kusema kwamba wezi wakiingia nyumba hii watatoka wao ndio wameibiwa, maana lazima waache kiatu.

Mke huyo alikuwa mpishi katika jiko la shule. Nyuma ya nyumba alikuwa na bustani yake, na bustani hiyo aliipenda kuliko baadhi ya ndugu zake, na hilo hakulificha. Kila mwaka, mvua zikikaribia, alisia mbegu ndani ya nyumba. Nje haikuwezekana. Kuku wa jirani hawakuwa na adabu, na mvua ya kwanza ikishuka iliilaza miche michanga kama mtu aliyepita na fagio. Vyombo alipewa na mumewe: droo za mboga zilizotolewa kwenye friji zilizokufa, na vioo vya rafu kwa ajili ya kufunikia.

Kazi yenyewe aliifanya na watoto. Binti yao mkubwa, ambaye kila mtu hadi mwalimu wake alimwita Dada, alichekecha udongo. Mdogo wake, Kibonge, mwenye miaka minne na mashavu ya mtu mzima, alitia mbegu kwenye vishimo, moja moja, akiziambia kila moja ilale salama. Ilichukua asubuhi nzima. Mama hakuwaharakisha.

Mwaka huo udongo ulikuwa umeshachekechwa, umejaa kwenye beseni. Mama alitoka kwanza kuanika nguo. Dada ndiye aliyekuwa naye. Alimwona akishika kichwa kwa mkono mmoja, akamsikia akisema, "Mwanangu, hebu nishikie hili shuka," kisha akakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, na kutoka kukaa akalala.

Hospitali walisema ni mshipa uliopasuka ndani ya kichwa. Walimpasua siku ileile. Upasuaji ulikwenda vizuri, daktari akasema, sasa tunangoja aamke. Labda wiki, labda zaidi kidogo, kila mwili na mambo yake. Lakini hakuamka.

Nyumbani, Kibonge aligoma kula. Alisimama mlangoni, tumbo mbele, akitazama njia, na kila mwanamke aliyepita na kitambaa cha rangi ya cha mama yake alimfanya aruke. Mama mkubwa wao, dada wa mama, ndiye aliyekuja kuwaangalia watoto wakati Fundi akiwa hospitali. Alimbembeleza, akamtisha, akambeba mgongoni, wapi. Fundi aliporudi alimkuta bado amesimama palepale.

"Baba, mama anarudi lini?"

Fundi alikuwa hajalala, hajala. Macho yake yakatua kwenye beseni la udongo, na juu yake kikopo cha mbegu za nyanya ambazo mkewe alizianika mwenyewe kutoka mavuno yaliyopita.

"Unaziona hizi mbegu za mama? Leo tunazisia. Zikiota tu, mama atakuwa amerudi."

"Kweli?"

"Kweli."

Kibonge akaja mezani akala, akaomba tena. Fundi akashusha pumzi. Aliona kama amechomeka waya mahali pake na mashine imewaka.  Dada yeye alimtazama baba yake, akatazama kikopo, akaenda kuleta vishimio vyao, yaani vijiti vya kalamu vilivyokwisha wino.

Walisia wote watatu, wamekaa sakafuni katikati ya friji. Fundi aliweza kuunganisha mrija mwembamba kama unywele, ila mbegu ya nyanya ilimshinda, ilimganda vidoleni. Alipoanza kushindilia udongo kwa kiganja, Dada alimshika mkono.

"Hapana, Baba. Mama hashindilii. Anasema tunazilaza, hatuzifukii."

Fundi akaondoa mkono.

Kuhusu joto, hilo alilijua. Droo akaiweka juu ya friji la nyumbani, ile sehemu ya nyuma ambako hewa ya vuguvugu inapanda kutoka kwenye mashine, akaifunika kwa kioo. Mbegu hapo haikuwa na sababu ya kukataa.

Tangu siku hiyo asubuhi zikawa na utaratibu wake. Kibonge aliamka, akaburuta stuli hadi kwenye friji, akapanda, akabandika pua kwenye kioo. "Bado!" alitangaza, kwa sauti ya mtu anayeuza magazeti. Kisha Fundi akaenda hospitali kwa miguu.

Wodi ya mkewe ilikuwa na mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa na mwenyewe, nesi wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Fundi alimpa jina moyoni: Sista Kufuli. Mtu mmoja mmoja. Viatu nje. Mikono sabuni. Watoto marufuku. Alisema maneno hayo kila siku, kwa kila mtu, hata kwa wale ambao jana yake walilia begani kwake.

Ndani mkewe alilala amenyolewa, kichwa kimefungwa, mrija umepita puani. Fundi alikaa, akamshika mkono. Miaka yote mkewe ndiye aliyeongea, yeye kazi yake ilikuwa kucheka. Sasa aliongea mwenyewe, vibaya vibaya, kuhusu friji la yule mama wa duka ambalo limerudishwa tena, kuhusu kuku wa jirani, kuhusu Kibonge na stuli. Akimaliza aliutazama uso ule kama mtu aliyegonga mlango na kusubiri ndani waulize nani.

Wiki ikapita, na nyingine ikaanza. Juu ya friji hapakuwa na kitu.

Fundi akachokoa udongo kwa njiti ya kiberiti. Mahali pengine hakukuta mbegu kabisa, si iliyooza wala iliyo nzima. Akaenda kwa muuza mbegu wa sokoni akamweleza.

"Umezifukia sana," muuza mbegu akasema.

"Hapana."

"Maji mengi basi."

"Mke wangu ndiye huwa anapima maji. Binti yangu anajua kama anavyopima yeye."

"Basi panya, ndugu yangu. Panya anapenda mbegu iliyolowa kuliko wewe unavyopenda nyama."

Wakasia upya. Fundi akatega mtego wa panya juu ya friji, pembeni mwa droo. Asubuhi yake, akipapasa kutafuta kiberiti na macho hayajafunguka sawasawa, aliufyatua mwenyewe kwa kidole gumba. Alipiga kelele ambayo mtaa haukuwahi kuisikia kutoka kwake. Kibonge akagaagaa chini kwa kicheko, na Dada naye akacheka, mara ya kwanza tangu mama aanguke, akacheka hadi akashika mbavu. Halafu ghafla akanyamaza. Uso ukambadilika, akatoka nje, akaenda kusimama kwenye kamba ya nguo. Fundi alimwona kupitia dirishani. Alidhani amemkumbuka mama yake, akamwacha.

Panya hakunaswa hata mmoja.

Hapo ndipo kitu kibaya kilipoanza kumwingia Fundi. Alijua fika kwamba maneno yale aliyatunga yeye, hapo mlangoni, ili mtoto ale. Lakini kila alipopanda ngazi za hospitali akili yake ilikuwa kwenye droo. Kila alipoifunua droo akili yake ilikuwa hospitali. Ikafika mahali akawa anaomba kimoyomoyo, ota basi, hata moja tu, na hakujua tena anaiomba mbegu au anamwomba mkewe. Friji za wateja zikarundikana. Mwenye duka la soda akaja kuchukua lake likiwa halijaguswa, akaondoka akisonya. Fundi alimsindikiza kwa macho, mkononi ameshika chupa ya kunyunyizia maji.

Siku moja daktari akamwita pembeni, kwenye korido, karibu na ndoo za kupigia deki.

"Anapumua mwenyewe, na hilo ni jambo zuri. Lakini kichwa hakijatujibu. Sisemi mkate tamaa. Nasema mjiandae kwa lolote."

Fundi akaitikia kwa kichwa, kama alivyoitikia kwa wateja. Aliporudi akamsimulia mama mkubwa wa watoto, wakiwa wamesimama jikoni, sauti chini.

"Shemeji, waambie watoto," mama mkubwa akasema. "Yule mdogo anapanga nguo atakazovaa mama akirudi. Utaendelea mpaka lini?"

"Mpaka ziote."

"Nini kiote?"

Fundi alitupia jicho droo juu ya friji. Shemeji yake akajifunga kanga upya kiunoni.

"Mimi ni dada yake wa tumbo moja," alisema taratibu. "Usidhani mimi sitaki aamke. Lakini watoto hawa unawachezea, na wewe mwenyewe unajichezea."

"Nikiwaambia, shemeji, nitakuwa nimemzika."

Walisia mara ya tatu. Kikopo kilibakiwa na mbegu za mwisho za mkono wa mkewe, na Fundi alizitia zote. Safari hii hata Kibonge hakuziambia kitu. Alizitia kwenye vishimo akiwa amekunja uso, kama mtu aliyechoka kudanganywa.

Siku mambo yalipoharibika, Fundi alitoka alfajiri, Kibonge hajaamka, na mama mkubwa alikuwa amekwenda kwake kuangalia watoto wake mwenyewe. Wodini walikuwa na usafi, Sista Kufuli akawarudisha wote waje mchana. Fundi akageuza, akarudi nyumbani asubuhi bado mbichi. Mlango ulikuwa wazi. Kibonge alikuwa amelala kwenye kochi, mguu mmoja chini.

Dada alikuwa juu ya stuli. Kioo alikuwa amekiegemeza ukutani, kwa uangalifu, kama alivyofundishwa. Mkononi alikuwa na kibano cha baba yake, kile chembamba cha kushikia nyaya. Aliinama juu ya droo, akavuta kitu, akakitazama kwenye mwanga, akakitia kwenye kikombe cha plastiki. Akavuta kingine.

Fundi alisogea hadi akaona ndani ya kikombe. Kulikuwa na vijimche, vyeupe kwenye shina, vimeinamisha vichwa, vingine bado vimevaa ganda la mbegu kama kofia. Vilikuwa vingi. Na kwenye droo vilibaki vingine, mstari mzima, kijani hasa.

"Unafanya nini?"

Dada aligeuka, karibu aanguke. Hakukimbia. Alikumbatia kikombe kifuani.

"Ni wewe?" Fundi alisema. "Siku zote hizi, ni wewe?"

Kilichofuata hata yeye hakukipanga. Aliinyakua droo akaibamiza ukutani. Ikapasuka pembe, udongo ukaruka ukamwagika juu ya friji zilizolala, juu ya vyombo vya kazi, juu ya Kibonge, ambaye aliamka akilia hajui nini kimetokea.

"Hutaki mama yako arudi?" Fundi aliunguruma. "Ndivyo unavyotaka?"

Maneno yalipotoka aliyasikia, na akatamani mtu ayarudishe kinywani mwake. Dada alikuwa amekuwa mweupe midomoni. Alipoongea sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka, na hilo lilimuumiza Fundi kuliko kilio.

"Ulisema zikiota, mama atakuwa amerudi. Zile za kwanza ziliota, Baba. Niliziona mimi, kabla Kibonge hajaamka. Nikaenda dirishani nikasubiri. Wewe ukaja peke yako. Nikasema labda zimewahi, labda mama bado anajiandaa, mama hapendi kuharakishwa. Nikazitoa, ili apate muda." Alinyoosha kidole kwenye miche iliyomwagika. "Kila siku zinatoka nyingine. Zikiota zote na yeye hayupo, basi haji tena. Si ndivyo ulivyosema?"

Fundi alikaa chini. Hakuchagua pa kukaa, alikaa kwenye udongo, mgongo kwenye friji la mtu. Kibonge alikuja akajikunyata pajani kwake, na bado alikuwa analia.

"Njoo hapa, Dada."

Hakuja.

"Njoo, mama. Sikupigi."

Alikuja, akasimama hatua moja mbali, na kikombe chake.

"Niliwadanganya," Fundi alisema. "Mbegu haina habari na mama yenu. Nilisema vile kwa sababu Kibonge alikuwa hataki kula, na mimi sikujua la kusema. Ni maneno tu. Ziote, zisiote, hazimsaidii wala hazimzuii."

Kibonge alinyamaza kusikiliza. "Kwa hiyo mbegu hazijui mama yuko wapi?"

"Hazijui."

"Wewe unajua?"

"Najua. Yuko hospitali, kitandani. Kichwa chake kiliumia kwa ndani. Wamemtibu, lakini amelala na haamki, na madaktari hawajui kama ataamka." Alimpangusa Kibonge udongo kichwani. "Na mimi sijui."

Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema kwa sauti. Aliona yamekaa mle chumbani pamoja nao, makubwa kuliko friji zote.

Dada alikuwa anatazama ndani ya kikombe. "Zote nilizozing'oa," alisema polepole, "kumbe sikuwa nampa muda. Labda nilikuwa namng'oa yeye."

"Hapana!"

"Labda ndiyo maana haamki."

"Dada. Nitazame. Hapana." Fundi alimshika mabega, akarudia tena na tena. Aliona kwenye macho yake kwamba hayamwingii, na kwa nini yamwingie? Aliyesema mbegu zina nguvu ni yeye, na anayesema sasa hazina ni yeye yuleyule. Mtoto aamini kinywa kipi?

Kibonge ndiye aliyesimama. Alijipangusa kamasi kwa mkono wote.

"Twendeni tukamwamshe," alisema.

Fundi alitaka kueleza kwamba watoto hawaruhusiwi.  Badala yake aliwaosha nyuso, akamtafutia Kibonge viatu, kimoja kilikuwa kimejaa udongo. Kabla ya kutoka Kibonge alikataa katakata kuacha udongo wa mama sakafuni, basi wakauzoa wote watatu kwa mikono, wakaurudisha kwenye droo iliyopasuka pamoja na vilivyomo, wakaiacha hapohapo chini.

Sista Kufuli aliwaona wakitokea mwisho wa korido, akavua miwani.

"Baba, watoto hapana. Unajua."

"Najua, Sista."

"Basi wapeleke chini wakusubiri."

Fundi hakusogea. Watu waliokaa kwenye benchi walianza kuwatazama. Na mtu yule wa maneno machache, ambaye mkewe alisema maneno yake anayaweka kwenye friji yasiharibike, akafunguka pale mlangoni, mbele za watu, mikono imening'inia.

"Sista, huyu binti yangu nilimwambia uongo, na ule uongo ameubeba kama kazi. Kila asubuhi anaamka kabla ya ndugu yake ili amwokoe mama yake. Sasa anaamini yeye ndiye anayemuua. Mimi nimemwambia siyo, haniamini, na ana haki. Nifungie mimi nje. Mimi nikae hapa hata mwezi. Lakini huyu aingie amwone mama yake kwa macho yake, aone ni ugonjwa, aone ni bandeji na mirija, asione mkono wake mwenyewe kila akifumba macho. Nakuomba. Sina mtu mwingine wa kumwomba."

Alikuwa analia, na hakujifuta.

Sista Kufuli alimtazama Dada. Dada alitazama sakafu.

"Hicho kikombe kina nini?" nesi aliuliza.

Kumbe alikuja nacho. Fundi hata hakuona.

"Miche," Dada alinong'ona.

"Kiache kwenye meza yangu. Udongo hauingii humo ndani." Alivaa miwani yake. "Viatu vueni. Mikono sabuni, mpaka kwenye viwiko. Na atakayelia kwa kelele atakwenda kulilia nje, hata kama ni baba mtu. Haya."

Kibonge alipofika kitandani alirudi nyuma.

"Huyu siyo. Mama ana nywele."

"Ni yeye," Fundi alisema. "Wamemnyoa."

Mtoto alizunguka kitanda, akakagua. Aliukuta mkono, akaugeuza, akaliona kovu dogo la kisu cha jikoni kwenye kidole cha shahada. Akaridhika. Akasogeza mdomo sikioni kwa mama yake, akapiga kelele maneno ambayo mama huyo alimwamshia yeye kila asubuhi ya Mungu: "Amka wee, jua limeshakunywa chai!"

Wodi nzima iligeuka. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani akatabasamu. Mama hakuamka. Kibonge alirudia, kwa sauti ya chini zaidi. Akarudia tena. Mwisho alimtazama baba yake, mashavu yale yameshuka, na Fundi akambeba.

Dada alikuwa amesimama upande wa pili, mikono nyuma. Alimtazama mama yake kama anavyotazamwa mtu mgeni, kuanzia bandeji hadi vidole vya miguu. Aliugusa mrija, akafuata kwa macho unakotoka na unakoingia. Kisha akainama.

"Mama, ni mimi," alisema. "Nilizing'oa. Nilidhani nakusaidia." Alisubiri. "Unisamehe au usinisamehe, lakini sema kitu."

Kifua cha mama kilipanda, kikashuka. Dada aliweka shavu kwenye kiganja chake akabaki hivyo. Sista Kufuli alikuja mara mbili hadi kwenye pazia, na mara zote mbili akarudi alikotoka.

Baada ya hapo walikwenda kila siku, na hakuna aliyewazuia tena. Kibonge alijua majina ya wagonjwa wote. Dada alijifunza kumpaka mama yake mafuta miguuni na kumkunja vidole ili visikakamae. Nyumbani hakuacha kuamka mapema. Fundi alimkuta amekaa kitandani gizani mwa alfajiri, mikono magotini, hana la kufanya. Alikaa naye. Siku nyingine walikaa hadi kukapambazuka.

Ule udongo waliouzoa uliota wenyewe, ovyo ovyo, vichaka kwa vichaka, nyanya zimesongamana na magugu. Hakuna aliyetangaza. Dada alipita mbali na droo ile kama inauma. Mama mkubwa na Kibonge ndio waliohamishia miche bustanini. Kuku wakala sehemu yao, mvua ikalaza nyingine. Iliyobaki ilizaa kidogo, nyanya ndogo zenye ngozi ngumu, wakazila.

Mama alifumbua macho mchana mmoja ambapo hapakuwa na ndugu yeyote karibu, isipokuwa mfagizi aliyekuwa anapiga deki chini ya kitanda. Fundi alipoitwa alipanda zile ngazi mbili mbili. Alimkuta macho wazi, yanatazama dari. Alimwita jina. Macho yakaja taratibu, yakampita, yakaenda dirishani.

Walimrudisha nyumbani mvua zilipokwisha. Upande wa kulia ulikuwa umelala, mkono na mguu. Maneno yalimjia machache na mengine si yake: kijiko aliita dirisha, Kibonge alimwita kwa jina la kaka yake mwenyewe wa utotoni, na Dada alimwita Sista. Walimwandalia kitanda sebuleni, Fundi akazisogeza friji zote upande mmoja. Majirani walikuja, wakashukuru Mungu kwa sauti kubwa, wakaondoka wakisema mengine kwa sauti ndogo.

Walipobaki peke yao Dada alimfuata baba yake kwenye ngazi za nyuma, alikokuwa akifungua kompresa kwa spana.

"Baba. Amerudi, au bado?"

 Fundi aliogopa kila neno lililomjia. Alishawahi kumjibu mtoto huyu haraka haraka, na aliona kilichotokea.

"Sijui," alisema. "Naona amerudi kidogo. Sijui kama atarudi wote. Daktari naye hajui."

Dada aliitikia kwa kichwa, akaingia ndani. Fundi alimsikia akimimina chai. Alimfuata hadi mlangoni, spana bado mkononi, akamwona amekaa ukingoni mwa kitanda, amemkinga mama yake kidevu kwa kitambaa, anasogeza kikombe mdomoni. Chai kidogo ilimwagika shingoni. Mama alikunja uso, akageuza kichwa.

"Moto," alisema, na chai ilikuwa moto kweli.

Dada alishtuka, akamtazama baba yake mlangoni, kisha akakileta kikombe karibu na mdomo wake mwenyewe, akaanza kukipuliza.